Kifuniko cha Tangi la Samaki

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mkwe wangu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wajukuu zangu pia wazima. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia ambalo tabia zake unazijua. Presha imetulia. Sina la kulalamika mbele za Mungu, ingawa mbele zako ninayo mengi.

Barua hii nampa mama mchungaji. Nimemuuliza mlipo mpaka ulimi umechoka. Anasema yeye ni njia tu, siyo ramani. Amekubali kuifikisha kwa sharti kwamba nisimuulize tena. Nimekubali kwa mdomo.

Sikuandikii kwa kuwa nimekusamehe. Nakuandikia kwa ajili ya samaki wako.

Ulipoondoka na watoto bila hata kuniaga, uliniachia nyuma ya nyumba matangi mawili yenye viumbe nisiojua hata wanapenda nini. Miezi yote hii nimewalisha kwa kubahatisha. Mume wako hana muda nao. Anashinda karakana akichomelea mageti ya watu, jioni ana mazoezi ya kwaya, na akirudi hataki kabisa kuelekea upande ule wa nyumba. Namwelewa. Kule nyuma kila kitu kinamkumbusha wewe.

Hao perege sasa wamekuwa wakubwa kama kiganja changu. Mchicha ulioupanda juu ya kokoto zinazochuja maji ya tangi umestawi mpaka nagawa kwa majirani. Lakini maji ya tangi la kwanza yamekuwa kijani kibichi, na juzi nimeona jambo. Unajua ile pampu inavyonguruma. Saa ya sala ya jioni mimi huizima ili tuongee na Mungu kwa utulivu. Juzi sala ilikuwa ndefu, maana tuliwaombea ninyi. Nilipotoka nje nikakuta samaki wote wamepanda juu, wanafungua midomo na kufunga, wanafungua na kufunga. Nikafurahi, nikamwita yule jirani yetu mshonaji aje ashuhudie kwamba katika nyumba hii hata samaki wanaitikia amina. Akawatazama, akasema, "Shoga, hawa wanaitikia amina au wanakata roho?"

Asubuhi nikaokota wawili, matumbo juu. Nieleze nifanye nini.

Na mume wangu mdogo, huyo mjukuu wangu wa kiume, hajambo? Najua ataniuliza kama bado nampenda, mwambie sijaolewa na mwingine. Tangu siku ile alipotumbukia tangini, sisikii maji yakimwagika bila kumwona yeye. Nilikuwa naokota mawe kwenye mchele, nikamwona anaingia na baba yake, maji yanamchuruzika usoni, nikajua mara moja kilichotokea. Nikamvua shati, nikamfuta kichwa na shingo kwa taulo langu mwenyewe. Alikaa kwenye kona ya kitanda changu na kaptula yake ya shule hadi giza likaingia. Nami nilikugombeza wewe, nakumbuka, kwamba mama gani anaacha tangi wazi. Lakini mwanangu hakugombeza mtu. Kesho yake alifunga karakana, akatengeneza kifuniko cha wavu wa waya, akatia na kufuli. Niambie, mwanamume wa namna hiyo anakimbiwa kwa kosa gani?

Nangoja majibu.

Mama mkwe wako


Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi na watoto hatujambo. Pole kwa goti, endelea kulikanda na maji ya moto.

Samaki hawakuwa wanaitikia amina. Walikuwa wanakosa hewa. Maji yakisimama hewa inawaishia, ndipo wanapanda juu kuitafuta kwa midomo. Pampu ndiyo pumzi yao, Mama. Usiizime hata kwa sala, Mungu atawasikia hivyohivyo. Kama kelele inawasumbua, iweke juu ya kipande cha tairi kuukuu, itapunguza kunguruma.

Maji kuwa kijani ni kwa sababu ya jua. Tandaza magunia upande linakotokea. Wape chakula asubuhi na jioni, kidogo kidogo, na wakiacha kugombania ujue wameshiba. Ukitaka kuongeza maji usifungulie bomba moja kwa moja, yana dawa. Yaache kwenye pipa yalale, kesho ndiyo uyamimine. Kokoto zikiziba, zisuuze kwa maji ya tangi lenyewe.

Mume wako anakusalimia. Meno mawili ya mbele yameng'oka na ana wasiwasi utamwacha. Mke mwenzako, dada yake, anasema ukimwacha nafasi yako ataichukua yeye.

Hayo mengine uliyouliza siwezi kuyaandika.

Mkwe wako


Alhamisi, tarehe 16 Mei

Mkwe wangu,

Salamu katika jina la Bwana. Hali zenu? Sisi tunaendelea kwa neema yake.

Nimeweka tairi. Kumbe pampu ile inaweza kunyamaza kama bibi harusi. Magunia nimetandaza, na kwa mara ya kwanza naona hadi chini ya tangi. Nimejikuta nakaa pale na kigoda changu baada ya kazi, nawatazama. Sikujua samaki ana ugomvi kiasi kile. Yupo mmoja mweusi amechimba kishimo kwenye mchanga, akipita mwenzake anamfukuza kama mwenye nyumba aliyechoka na mpangaji. Mwanangu akipita dirishani ananicheka, anasema, "Mama umeokoka mara ya pili, safari hii kwa samaki." Lakini hatoki nje.

Kuna jingine. Wapo kama watano hivi wameacha kula. Nikimwaga chakula wenzao wanapigana vikumbo, wao wamejibanza pembeni wamefunga midomo, na kidevu kimevimba kama mtoto mwenye matubwitubwi. Wamekonda mpaka kichwa kimezidi mwili. Ni ugonjwa gani?

Mwanangu naye amekonda, nikwambie ukweli. Kila jioni swali lake ni moja, "Mama, hujasikia lolote?" Jumapili aliimba peke yake mbele ya kanisa zima, wanawake wakalia, nami nikalia kuliko wote. Unasema huwezi kuandika. Nani alikwambia ndoa ni pahali pa kustarehe? Mwanamke akiudhika anarudi kwao siku chache, anatulia, anarudi. Hachukui watoto akawazamisha kusikojulikana, bibi yao abaki anahesabu viatu walivyoviacha.

Mume wangu anaoga siku hizi? Namjua, alikuwa akiona sabuni anageuka mwanariadha.

Nijibu.

Mama mkwe wako


Jumanne, tarehe 21 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Hao waliovimba kidevu sijui wana nini. Nilichofundishwa ni kwamba samaki akiacha kula anaumwa. Watoe na ndoo, waweke peke yao kwenye maji yenye chumvi kidogo, uwatazame. Yule aliyetuuzia alituapia kwamba ni madume matupu, yaliyochaguliwa ili yakue haraka, kwa hiyo ule ugomvi wao ni wa kiume tu. Usiogope.

Mume wako anaoga, ila kwa kitambaa. Hataki maji ya kumwagiwa kichwani. Namfuta uso polepole huku namsimulia hadithi. Nikimaliza anakwenda dirishani kutazama treni ya mizigo, anahesabu mabehewa mpaka anachanganyikiwa, kisha anasema king'ora cha kiwanda cha mbao kimemharibia hesabu. Mke mwenzako amejifunza kuandika jina lako ukutani kwa mkaa. Nimemchapa halafu nikaliacha hapohapo.

Usinililie, Mama. Na usinisukume.

Mkwe wako


Jumapili, tarehe 26 Mei

Mkwe wangu,

Salamu. Nimetoka kanisani sasa hivi, sijavua hata viatu. Natumaini u mzima, maana mimi nilichokiona leo kimenitoa jasho.

Wale waliovimba videvu niliwatenga kwenye beseni kubwa kama ulivyosema. Leo asubuhi kabla ya ibada nikaenda kuwatazama. Nikakuta mmoja amezungukwa na vitu vidogo vyeusi kama mbegu za mchicha. Nikavaa miwani. Vina macho. Vina mikia. Vilikuwa vifaranga, wingi wake sikuweza kuukadiria. Nikasema haleluya, hayo madume yako matupu yamezaa. Nikainamisha kichwa nivione vizuri, kivuli changu kikaangukia maji. Yule mama akafungua mdomo. Akawameza, mkwe wangu. Wote. Mbele ya macho yangu, wanawe mwenyewe, mmoja asibaki, kisha akafunga mdomo akanitazama kama hajafanya kitu.

Nilirudi nyuma nikakaa chini kwenye matope na gauni la kanisani. Miaka yangu yote sijaona mama wa namna ile. Ibada nzima sikusikia mahubiri. Nilikuwa nauona ule mdomo.

Halafu nikakufikiria wewe. Nisamehe kama nakuudhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikasema moyoni, hata samaki wake wamemfuata tabia. Amewameza wajukuu zangu, amefunga mdomo, ananitazama tu. Na sasa mtoto hataki kuoga, unamdekeza, anakua mwoga wa maji kwa sababu hana baba wa kumkazia.

Kesho nawatoa wote watano. Samaki anayekula wanawe sitamfuga mimi, tutawala sisi.

Na jambo la pili uambiwe na mimi mwenyewe. Treni ya mizigo na kiwanda cha mbao pamoja vipo mji mmoja tu ninaoujua, na ni kule anakokaa shangazi yako. Mama mchungaji si ramani, lakini wewe mwenyewe umenichorea. Nimemwambia mwanangu tulipokuwa tunatoka kanisani. Alinikumbatia mbele za watu. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwondoke. Ameazima gari la mteja wake, Jumamosi atakuja kuwachukua. Tafadhali mkwe wangu, mpokee vizuri, msiongee kwa hasira mbele ya watoto. Nitakuwa nimepika.

Nijibu kabla ya hapo kama unataka nikuandalie chochote.

Mama mkwe wako


Jumatano, tarehe 29 Mei

Mama,

Barua yako imenifikia leo. Nimemwomba aliyeileta angoje, arudi na hii.

Umemwambia.

Sikutaka kukuandikia haya. Nilitaka umpende mwanao mpaka mwisho na mimi unichukie, nilikuwa nimekubali. Sasa siwezi.

Mtoto hakutumbukia.

Siku ile nilikuwa nyuma ya ukuta naanika nguo. Pampu ilikuwa inanguruma, sikusikia kitu kingine. Nilipozunguka na beseni nikamwona mume wangu amesimama kwenye tangi, ameinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Nilidhani bomba limeziba. Kisha nikaona miguu. Mtoto alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu juu ya tofali, kichwa kizima ndani ya maji, na mkono wa baba yake uko kisogoni. Huyo baba hakuwa anapiga kelele wala hakuwa na hasira. Alikuwa anatikisa midomo. Nilipodondosha beseni akamtoa, akasema, "Nimemaliza," kama mtu aliyekuwa ananawa. Akamshika mkono akampeleka ndani kwako.

Kosa la mtoto lilikuwa kumwambia mteja kwamba geti lake lilikuwa halijaanza kutengenezwa.

Nilikuja mlangoni kwako kesho yake jioni nikueleze. Kabla sijafungua mdomo ukaniambia, "Umeona kifuniko alichotengeneza mwenzio? Hebu tazama Mungu alivyokupa mume." Nikarudi chumbani nikaanza kukunja nguo za watoto.

Najua utasema namsingizia. Hakuna aliyeona ila mimi, na mtoto hajalisema mpaka leo.

Kuhusu yule samaki, nimeuliza kwa mtu anayefuga. Aliyetuuzia alitudanganya, kulikuwa na majike. Hakuwala, Mama. Perege jike huwaatamia wanawe mdomoni. Wakishaanguliwa huwaachia watembee kidogo, na akihisi hatari, kama kivuli, anafungua mdomo wanakimbilia ndani. Ndiyo maana kidevu kilivimba. Ndiyo maana alikuwa hali. Hawezi kula wakiwamo, anakaa na njaa mpaka wawe wakubwa. Kama hujawatoa, wahurumie.

Naomba Jumamosi asije. Sijui utafanyaje. Sina mwingine wa kumwomba.

Mkwe wako


Ijumaa, tarehe 31 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Sijui kama bado ninayo haki ya kukuuliza hali, lakini nauliza. U mzima? Watoto wazima?

Uvumilie maandishi, naandika mbio.

Wale samaki nilikwisha kuwatoa Jumatatu, kabla ya barua yako. Wa kwanza nilimweka kwenye ubao, nikamshika kichwa, nikatia kisu chini ya shavu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Wakamwagika kwenye ubao, mwanangu, wazima, wanarukaruka kama mvua inavyoruka kwenye bati. Hawakutoka tumboni. Walitoka mdomoni, hakuna hata mmoja aliyetafunwa. Nilisimama na kisu sijui nifanye nini. Sikuelewa nilichokuwa nakiona, ila nilijua nimekosea kitu kikubwa. Nikawasomba kwa kiganja nikawatia kwenye bakuli la maji ya tangi. Wale wanne wengine nikawarudisha kwenye beseni lao bila kuwagusa midomo. Yule wa kwanza tayari alikuwa amekufa.

Jana mama mchungaji akaniletea barua yako. Niliisomea pale pale nyuma, nimesimama kando ya tangi. Nilipofika pale uliposema mtoto hakutumbukia, nikasema kwa sauti, "Huu ni uongo." Nikakunja karatasi. Nikasema tena, ili tangi lisikie. Mwanangu yule nimemzaa mimi, nimemfundisha sala mimi, akipata fedha, cha kwanza kuninunulia ni khanga na sabuni. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niingie ndani nikuandikie matusi.

Ndipo nikakumbuka kaptula.

Jioni ile, mtoto aliposinzia kitandani kwangu, nilimvua kaptula yake ya shule. Niliikunja. Niliiweka juu ya kiti ili aivae kesho. Sikuianika, mwanangu, maana haikuwa na haja ya kuanikwa. Soksi pia. Shati lilikuwa limelowa kuanzia kola mpaka kifuani, hapo maji yakakoma. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nilikunja kaptula kavu ya mtoto aliyetumbukia ndani ya tangi linalomfika kifuani, na sikuuliza.

Nilikaa kwenye kigoda sijui muda gani. Pampu inanguruma kwenye tairi lake. Mshonaji alipita akanisalimu, baadaye akaniambia sikumjibu.

Mchana mwanangu akaja kula. Nikamwekea chakula kama siku zote. Nikakaa mbele yake.

Nikamwambia, "Baba, siku ile kaptula ya mtoto ilikuwa kavu."

Akaendelea kutafuna. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Kaptula gani?"

"Siku ile alipotumbukia."

"Wewe ndiye uliyesema ametumbukia, Mama. Mimi niliitikia tu."

Na ni kweli. Nimekumbuka. Nilipomwona mtoto amelowa, mimi ndiye niliyepiga ukelele, "Ametumbukia, ametumbukia." Uongo ule niliutunga mimi nikampa, yeye hakufanya kazi yoyote.

Nikamwuliza, "Ulimfanya nini?"

Akasema, "Alinivunjia heshima mbele ya mteja. Nilimwinamisha kidogo. Sikumzidishia, Mama, usiogope, nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Nahesabu tu, ili nisizidishe." Halafu akasema, "Nisogezee chumvi."

Nikamsogezea. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukachukua kikopo, ukampa chumvi. Akanishukuru. Ananishukuru kila siku, ndivyo nilivyomlea. Sura yake ilikuwa ileile, mwanangu, ileile ninayoitazama kanisani. Ningekuta sura nyingine ningejua pa kushika.

Nikamwambia, "Jumamosi usiende." Akacheka. "Mama, ni wanangu wale. Wewe mwenyewe umenionyesha njia." Akafuta mikono, akarudi karakana.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akasema tuombe, kisha tuwakalishe chini wawili ninyi wazungumze, kwamba kijana ana kipaji na kwaya inamtegemea. Mama mchungaji alikuwa anakunja nguo pembeni. Aliinuka, akachukua mkoba wake na viatu vya safari, akaniambia, "Kaandike. Mimi naondoka na gari la kwanza." Mchungaji akamwuliza anakwenda wapi. Akamjibu, "Mimi ni njia tu."

Nimefika pia kituo cha polisi. Sijawahi kuingia mule katika maisha yangu. Nilimweleza askari habari za kaptula. Aliniuliza mara mbili kama mtuhumiwa ni mwanangu wa kumzaa, nikasema ndiyo, wa kumzaa, kifungua mimba. Akaandika. Wamesema watamwita wiki ijayo. Wiki ijayo iko mbali, na Jumamosi ni kesho.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, sasa nakusukuma kweli. Ukimaliza kusoma hapa chukua watoto utoke. Usilale hapo. Usimwachie shangazi yako ujumbe wa mahali mnapokwenda. Mama mchungaji atawasindikiza popote utakapochagua, na nimemwapisha kwamba hata mimi asiniambie. Hasa mimi. Mwanangu ataniuliza kila jioni, kama alivyokuwa akiniuliza, kwa sauti ileile nzuri. Najijua. Ninampenda bado, mwanangu, sijui nifanyeje na hilo, nimemwomba Mungu aliondoe hajaliondoa. Nisichokijua sitaweza kumpa.

Mwambie mume wangu sikumwacha kwa ajili ya meno. Mwambie bibi yake alimfuta kichwa hakumwuliza swali, na anaomba amsamehe. Maji ya kichwani asiyaoge mpaka atakapotaka mwenyewe, hata akiwa mzee. Mke mwenzangu aandike jina langu kwenye ukuta mwingine.

Kile kifuniko nimekivunja kufuli kwa nyundo nikakitupa nje ya ukuta. Pampu siizimi. Wale vifaranga wasio na mama bado ni hai, nawasagia chakula kwenye kinu mpaka kiwe unga, na maji nawabadilishia kama ulivyonifundisha. Asubuhi ya leo nilitia mkono ndani ya bakuli, nikaukunja hivi kama kikombe, nikakaa kimya. Walikuja, mwanangu. Waliingia wote, wakajazana kiganjani. Hawajui ni mkono wa nani.

Mama mchungaji anagonga, gari halimngoji. Nakuomba jambo moja. Mkifika huko mnakokwenda, nijibu upesi. Neno moja linatosha, kwamba mmefika. Usiandike wapi.

Mama yako